Mikono ya Wanagenzi kwenye Mabawa ya Kitambaa

Ndege za mabawa mawili zinazotundikwa katika makumbusho ya dunia, zile zenye bawa la juu na bawa la chini yaliyounganishwa kwa nguzo na waya, humwonyesha mtazamaji umbo la zamani kwa uaminifu mkubwa, lakini ni chache ambazo bado zimevaa kitambaa kile kile zilichovaa siku ziliporuka. Mbao huliwa na wadudu, gundi hulegea, uzi huoza na pamba huchanika. Ndege ya namna hiyo ilijengwa ikijulikana kwamba itavuliwa na kuvikwa upya mara kadhaa katika maisha yake, na sharti hilo haliishi hata baada ya kustaafu chini ya paa la makumbusho. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba wanafunzi wanaopewa patasi, sindano na brashi ili wasaidie kuikarabati hawafanyiwi hisani, wala makumbusho hayajishushi hadhi kwa kuwapokea. Ndege hizi hazijawahi kuhifadhiwa kwa njia nyingine. Zimehifadhiwa kwa ufundi uliopita kutoka mkono hadi mkono, na daima kumekuwa na mkono mmoja uliokuwa bado unajifunza.

Tuutazame kwanza ufundi wenyewe. Wilbur na Orville Wright wa Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani, walikuwa watengenezaji wa baiskeli, na mashine yao ya 1903 ilibeba alama zote za karakana ya baiskeli. Ilikuwa na minyororo na gia za kuzungusha propela mbili, injini ya nguvu-farasi 12 hivi ambayo fundi wao Charlie Taylor aliitengeneza kwa takriban wiki sita, boriti na mbavu za mbao, na kitambaa cha pamba kisichopaushwa, jamaa ya ile merikani ambayo wafanyabiashara wa Massachusetts waliileta Unguja katika karne ya 19. Kitambaa hicho hakikupakwa dawa yoyote ya kukikaza. Kilikatwa mshazari, nyuzi zikilala kwa pembe ya digrii 45, ili chenyewe kisaidie kuliimarisha bawa, na mbavu zikapitishwa ndani ya mifuko iliyoshonwa. Mshonaji yeyote anajua kwamba nguo iliyokatwa mshazari ina tabia yake: inavutika, inafuata umbo la mwili, na ikikosewa kidogo hupinda mahali pasipotakiwa. Kwa ndege ambayo rubani aliiongoza kwa kuyapinda mabawa yenyewe kwa kamba, tabia hiyo ya kitambaa ilikuwa sehemu ya usukani. Kampuni ya Wright ilipoanza kujenga ndege za kuuza, mwaka 1910 ilimwajiri Ida Holdgreve, mshonaji wa mjini, ambaye baadaye alisimamia ushonaji wote wa mabawa. Hapakuwa na chuo cha kumfundisha kazi hiyo. Aliijua cherehani, na mengine akajifunza karakanani.

Vita Kuu ya Kwanza iliufanya ufundi huo kuwa kazi ya umati. Uingereza peke yake ilijenga ndege zaidi ya 50,000 kati ya 1914 na 1918, nyingi zikiwa za mabawa mawili, na mafundi wa ndege hawakutosha hata kidogo. Karakana za samani ziligeuzwa kujenga mbavu na boriti, kitani kikatoka Ireland, na maelfu ya wanawake ambao hawakuwahi kuigusa ndege wakafundishwa kushona, kufunga na kupaka. Harufu ya dawa ya kukazia kitambaa ilijaza vyumba vyao, na mwanzoni kimoja cha viambato vyake kilikuwa sumu ya kuharibu ini; baadhi ya wafanyakazi waliugua na kufa kabla haijaachwa. Inafaa kulikumbuka jambo hili kila mtu anaposema kwamba ndege hizi zilijengwa na mabingwa na hivyo ziachwe mikononi mwa mabingwa. Zilijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa na wiki chache tu kazini, chini ya jicho la msimamizi aliyejua kuukagua mshono na kuigonga mbao asikie kama imepasuka ndani. Mpangilio huo, wanagenzi wengi na mwenye kujua mmoja, ndio uliozizaa, na haushangazi ukiwa ndio unaozifaa uzeeni.

Ufundi huu ulifika pwani yetu mapema, na hapa udhaifu wake ulionekana waziwazi. Mwaka 1915 jeshi la majini la Uingereza lilileta ndege katika kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia, ili kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha ndani ya delta ya Rufiji. Ndege mbili za kwanza za Sopwith, zenye maboya badala ya magurudumu, zilishindwa na hali ya hewa. Joto lilizipunguzia injini nguvu, na jua na unyevu wa pwani vikazidhoofisha mbao na gundi. Zikafuata nyingine za Short, kisha Henri Farman na Caudron zilizoruka kutoka nchi kavu ya Mafia yenyewe, na ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli Severn na Mersey hadi Königsberg ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Wasomaji wa habari za kampeni ile huvutiwa na marubani. Mimi huwafikiria zaidi mafundi wa ardhini, waliokuwa wakiifumua na kuishona upya mashine ambayo kila siku ya joto iliirudisha nyuma. Ndege ya kitambaa isiyo na mtu wa kuishona ilikuwa haina maisha marefu, iwe vitani au ghalani.

Ushahidi mzito zaidi hata hivyo unatoka kwa ndege mashuhuri kuliko zote, ile ile ya akina Wright. Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kill Devil Hills katika North Carolina, iliruka mara nne. Mara ya kwanza ilikaa angani sekunde 12 na kwenda mita 36 na kitu. Mara ya nne, Wilbur akiiongoza, ilifika mita 260 kwa sekunde 59. Muda mfupi baadaye upepo uliipindua ikiwa imeegeshwa, ikavunjika, na haikuruka tena. Vipande vyake viliwekwa kwenye makasha na kurudishwa Dayton, ambako mafuriko ya Machi 1913 yaliyafunika makasha hayo kwa maji na tope. Kabla ya hapo krankishafti na flaiwili ya injini zilikuwa zimepelekwa kwenye maonyesho ya New York mwaka 1906 na hazikurudi. Mwaka 1916 Orville aliiunganisha tena kwa ajili ya maonyesho ya chuo cha MIT, akilazimika kutengeneza upya sehemu zilizoharibika. Na kabla ya kuipeleka London, yeye na fundi Jim Jacobs waliivua kitambaa chote wakaivika kipya cha aina ile ile. Kwa hiyo hata kabla haijaingia makumbusho yoyote ya kudumu, ndege ya kwanza duniani ilikuwa tayari imeshonwa mara ya pili, na injini yake ilikuwa na sehemu ambazo hazikuwapo siku iliporuka. Hakuna mtu mwenye busara anayesema kwamba kwa sababu hiyo si ya kweli.

Ilikwenda London mwaka 1928 kwa sababu ya ugomvi, na ugomvi huo una jambo la kutufundisha katika mjadala huu. Taasisi ya Smithsonian ya Washington ilikuwa ikidai kwamba mashine ya aliyekuwa katibu wake, Samuel Langley, ndiyo ya kwanza yenye uwezo wa kumbeba mtu angani, ingawa ilikuwa imeanguka mara mbili katika mto Potomac mwaka 1903. Dai hilo lilitegemea majaribio ya 1914, ambapo Glenn Curtiss, mmoja wa wajenzi bora wa ndege wa wakati wake, aliikarabati mashine ya Langley na kuirusha kidogo juu ya ziwa. Katika ukarabati huo aliibadilisha sana, kwenye mabawa, nguzo na mengineyo; kisha ikarudishwa katika umbo la 1903 na kuwekwa kwenye maonyesho kana kwamba ndivyo ilivyoruka. Orville alikasirika, na alikuwa na haki. Aliipeleka ndege yake katika Makumbusho ya Sayansi ya London, na haikurudi nyumbani mpaka Smithsonian ilipoorodhesha mabadiliko hayo hadharani na kuliondoa dai lake mwaka 1942.

Sasa tumefika kwenye pingamizi kubwa ambalo wahifadhi makini hulitoa, nami sitaki kulipita juu juu. Wanasema mwanafunzi asiye na uzoefu anaweza kukwangua rangi ya zamani ambayo ndiyo shahidi pekee wa alama ya kikosi, akatupa msumari ulioonyesha namna ya kiwanda, akaacha nyuma ndege inayong'aa na isiyo na lolote la kusema. Ni kweli kwamba uharibifu wa namna hiyo umetokea, na ni kweli kwamba haurekebishiki. Lakini tumtazame aliyeudhuru ukweli zaidi katika historia hii. Hakuwa mwanagenzi. Ilikuwa taasisi ya kisayansi yenye heshima, ikimtumia bingwa, ikiwa na jambo iliyotaka lithibitishwe. Mwanafunzi anayeharibu kwa kutokujua husahihishwa na mkubwa aliyesimama pembeni yake. Bingwa aliyebadilisha kwa kukusudia alihitaji miaka 28 ili asahihishwe. Tofauti kati ya ukarabati mwema na mbaya imo katika kumbukumbu zinazoandikwa: kama kila kilichotolewa kimehifadhiwa na kupewa lebo, na kama kila kilichoongezwa kimesemwa. Pamba ya 1903 ambayo ilivuliwa Dayton haikutupwa, na ndiyo maana Julai 1969 Neil Armstrong aliweza kwenda mwezini akiwa na kipande chake pamoja na kipande cha mbao ya propela. Nidhamu hiyo inafundishika. Tena nadhani hufundishika vizuri zaidi kwa kijana anayeanza kuliko kwa fundi mzoefu aliyezoea kutupa kibovu na kuweka kizima.

Katika kurudi kwa ndege hiyo ndipo wanafunzi wanapoingia kwa jina la chuo chao. Orville alikubali irejee Marekani baada ya vita, na makumbusho ya London yaliyoilinda, hata kuificha mbali na mabomu wakati wa vita, yakaruhusiwa kutengeneza nakala yake. Orville alifariki Januari 1948. Mwaka huo huo nakala ikajengwa na wanafunzi wa chuo cha ufundi cha kampuni ya de Havilland, ile iliyotengeneza Gipsy Moth, ndege ndogo ya mabawa mawili ambayo Wilson Airways ya Nairobi ilianza nayo biashara mwaka 1929. Chuo hicho hakikuwa darasa la kuchezea mbao. Mwaka 1934 wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kubuni na kujenga ndege yao wenyewe, T.K.1, nayo ya mabawa mawili, ikaruka. Mwaka 1948 walipewa mtihani mgumu kwa namna nyingine: kuacha ubunifu wao nyumbani na kufuata mawazo ya watu wawili wa miaka 45 nyuma, pamoja na yale ambayo mjenzi wa kisasa angeona ni makosa. Sehemu za ndege ya asili zilipimwa, michoro ikatayarishwa, mbao zikakatwa, kitambaa kikashonwa. Ndege ya asili iliondoka kwa meli, na tarehe 17 Desemba 1948, miaka 45 kamili tangu iruke, ikazinduliwa Washington. London haikubaki na ukuta mtupu.

Utasema nakala si ukarabati. Ni kweli, na kwa hoja yangu tofauti hiyo ni ya manufaa. Kazi ya 1948 inaonyesha kwamba wanafunzi walio chini ya uangalizi mzuri wanaweza kufikia kiwango ambacho moja ya makumbusho makubwa ya dunia hukikubali na kukiweka mbele ya umma kwa miongo mingi. Inaonyesha pia kwamba kazi ya mikono huacha maarifa nyuma yake, kwa kuwa anayejenga hulazimika kuuliza maswali ambayo anayetazama hayamjii: ubao huu uliinamishwaje, mshono huu ulianzia wapi, waya huu ulikazwa kiasi gani. Ndege ya asili ilipofanyiwa ukarabati mkubwa huko Washington mwaka 1984 na 1985, ikavuliwa kitambaa cha Orville cha miaka ya 1920 na kuvikwa cha tatu, wakarabati walikutana na maswali hayo hayo. Michoro pekee isingeweza kuyamaliza. Akina Wright walikuwa wakiamua mambo mengi wakiwa na mbao mkononi, na jibu la swali la namna hiyo hupatikana kwa kuishika mbao.

Tuongeze ushahidi wa karne hii. Kuelekea maadhimisho ya mwaka 2003 ya miaka 100 tangu ndege hiyo iruke, propela za akina Wright zilichongwa upya na kupimwa katika handaki kubwa la upepo lililokuwa likiendeshwa na chuo kikuu cha Old Dominion huko Virginia. Ilibainika kwamba propela hizo zilikuwa zikigeuza zaidi ya asilimia 75 ya nguvu ya injini kuwa msukumo, kiwango ambacho wengi hawakutegemea kwa mbao iliyochongwa kwa mkono na watu wa baiskeli. Karatasi za akina Wright zilikuwapo muda wote huo katika maktaba. Ilibidi mtu achonge ndipo ukubwa wa kazi yao ueleweke. Na tarehe 17 Desemba 2003, nakala iliyojengwa kwa uangalifu mkubwa ilipojaribu kuruka palepale North Carolina siku ya mvua na upepo hafifu, ilishindwa kunyanyuka. Sioni aibu katika tukio hilo. Lilionyesha mbele ya maelfu ya watu kwamba ndege ile iliutegemea upepo mkali wa Desemba kama ilivyoitegemea injini yake.

Pingamizi la pili ni la watu wa vyuo wenyewe. Huuliza kwa nini kijana atumie miezi akijifunza kushona kitambaa juu ya mbavu za mbao ilhali ajira inamsubiri kwenye ndege za alumini na nyuzi za kaboni. Swali hili lina uzito, hasa katika nchi ambazo ada ya chuo inalipwa kwa jasho la ukoo mzima. Jibu la haraka ni kwamba ndege za kitambaa hazijaisha. Tiger Moth, iliyoruka mara ya kwanza 1931 na kujengwa zaidi ya 8,000 kwa ajili ya kufundishia marubani, bado inaruka, na zipo ndege ndogo za leo zinazovikwa kitambaa cha poliesta. Lakini jibu hilo halinitoshi. Lenye nguvu zaidi ni kwamba ndege ya kitambaa haifichi chochote. Mwanafunzi anaweza kuufuata mzigo kwa macho, kutoka kwenye kitambaa hadi mbavu, kutoka mbavu hadi boriti, kutoka boriti hadi nguzo na waya, na kuelewa kwa nini waya mmoja ukilegea mwingine hubeba kupita kiasi. Akikosea, kosa linaonekana. Akikagua kazi ya mwenzake na kuiwekea saini, anajifunza kile ambacho sekta yote ya anga imesimama juu yake, yaani kwamba saini ni ahadi kwa mtu usiyemjua. Ndege ya Wright ya Model B iliyoko Franklin Institute mjini Philadelphia ilinunuliwa na Grover Bergdoll mwaka 1912, ikakaa bila kutumika miaka mingi, ikatengenezwa, na tarehe 17 Desemba 1934 Marshall Reid akairusha kabla haijaingia kwenye maonyesho. Aliyekaza waya za ndege ile alijua kwamba kuna mtu atakayepanda.

Kuna jambo la tatu ambalo watetezi wa kazi za wanafunzi hulikwepa, nalo ni malipo. Makumbusho yenye bajeti ndogo yanaweza kumwona mwanafunzi kama kibarua wa bure: apige msasa miaka miwili, aondoke na cheti cha karatasi, na jina la mfadhili liandikwe kwenye kibao. Hapo ukarabati huacha kuwa elimu, na mimi siutetei. Kipimo ninachokitaka ni kama mwanafunzi anazungushwa kazi zote, tangu kupima na kuchora hadi kushona na kukagua, na kama yupo fundi mkuu ambaye kazi yake ya kwanza ni kufundisha. Wanafunzi wa de Havilland walikuwa katika chuo, wakiwa na walimu, na kazi yao ilihesabika katika kuwafanya wahandisi. Penye sharti hilo, msasa ni sehemu ya masomo. Pasipo sharti hilo, ni heri ndege isubiri ghalani.

Kwetu Afrika Mashariki vitu vya kuanzia vipo. Chuo cha usafiri wa anga cha Nairobi kimekuwapo tangu 1954, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam kinafundisha mafundi wa ndege, na Makumbusho ya Reli ya Nairobi yana vichwa vya treni vya mvuke vinavyohitaji mikono ile ile yenye subira. Nawaomba wakuu wa vyuo na wasimamizi wa makumbusho wasisubiri ndege maarufu iletwe na wafadhili. Waanze na mashine iliyopo, hata kama ni injini moja au bawa moja lililovunjika. Wamwite fundi mstaafu angali na nguvu za kusimama karakanani. Kila kipande kinachotolewa kipigwe picha na kuwekewa lebo kabla kipya hakijakatwa, na jina la kila mwanafunzi aliyeshona, aliyepiga randa au aliyepaka liandikwe katika faili la kazi hiyo pamoja na tarehe na sehemu aliyoigusa.